Kanuni zikigombana bandani, waumiao ni vifaranga

*Vihisi na swichi zinazojiendesha sasa zimeingia hadi kwenye mabanda na maduka madogo. Lakini bila mpangilio, mtambo ulionunuliwa kuzuia hasara unaweza kuwa chanzo cha hasara yenyewe.*

NI saa nane usiku. Ndani ya banda kuna vifaranga 300 wa siku nne. Umeme upo, taa za joto ni nzima na mtambo unaoziwasha na kuzizima unafanya kazi. Hata hivyo, banda ni giza na baridi imeanza kupenya hadi kwenye maranda.

Jioni, mwenye banda alipokuwa akibadilisha maranda, waya wa kihisi cha joto ulilegea. Ilipofika saa 12, kanuni ya kwanza ikawasha taa kama ilivyoagizwa. Usiku ulipoingia waya ule ukaachia, na kihisi kikaanza kutoa namba moja tu: 85. Kanuni ya pili, iliyoagizwa kuzima taa joto likizidi nyuzi 34, ikaona banda linaungua, ikazima. Kanuni ya tatu, ambayo kazi yake ni kutuma ujumbe kwenye simu mambo yakiharibika, ilikuwa imezimwa tangu jioni ili isisumbue wakati wa usafi. Hakuna aliyekumbuka kuiwasha.

Huo ni mfano tu, lakini kila hatua yake inaweza kutokea. Mfugaji anayefungua mlango alfajiri na kukuta vifaranga wamelundikana kona moja, wa chini wamekufa kwa kukosa hewa, atalaumu umeme, atalaumu kihisi, pengine atamlaumu hata aliyemuuzia vifaranga. Kumbe kilichokosekana ni mpangilio.

Mitambo ya namna hii ilianza kama starehe ya nyumba za watu wenye uwezo huko Ulaya na Marekani: taa zinazowaka mtu akiingia sebuleni na mapazia yanayojifunga jua likizama. Siku hizi vifaa hivyo vimeshuka bei kiasi cha kufika mikononi mwa mfugaji, mwenye bustani na mwenye duka. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, isiyozidi ukubwa wa kiganja, ilianza kuuzwa mwaka 2012. Mwaka 2014 kampuni ya Kichina ya Espressif ilileta kidude cha ESP8266, ambacho huunganisha kihisi na waifai kwa gharama ndogo sana. Programu za kuviongoza, kama vile Home Assistant na Node-RED, zote zilianza mwaka 2013 na hutolewa bure kwa yeyote anayetaka kuzitumia.

Kwa hiyo swali la mkulima si tena kama vifaa vinapatikana. Swali ni jinsi ya kuvipanga ili visimgeuke.

Kihisi, kanuni na mtendaji

Mtambo wowote wa kujiendesha, uwe wa nyumba, banda au duka, una sehemu tatu. Ya kwanza ni kihisi, ambacho ni jicho na pua ya mtambo. Kipo cha joto, cha unyevu wa hewa, cha unyevu wa udongo, cha kiwango cha maji kwenye tanki na cha mlango. Ya pili ni mtendaji, yaani kile kinachofanya kazi: taa, feni, pampu, kengele. Kati ya hizo mbili ipo kanuni, inayosema hili likitokea, fanya lile. Kanuni kadhaa zikifuatana kuelekea kazi moja huitwa mtiririko.

Mwanzoni kila kitu huwa rahisi. Mfugaji anaandika kanuni moja: joto likishuka chini ya 32, washa taa. Wiki inayofuata anaongeza ya pili, mwezi ujao ya kumi. Kila moja imeandikwa siku yake, kwa sababu yake, bila kuangalia zilizotangulia. Baada ya muda anakuwa na kanuni 40, na hakuna anayejua kwa nini feni inawaka saa tisa alasiri.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Msemo huo unafaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila mwenye mtambo. Kanuni mbili zikiruhusiwa kugusa taa ileile, iko siku moja itawasha na nyingine itazima, na taa itatii iliyosema mwisho.

Swichi hewa isiyokula mshahara

Dawa ya ugomvi huo ni kuweka kitu katikati ya vihisi na watendaji. Wataalamu hukiita kifaa cha kufikirika, kwa sababu hakina waya wala hakishikiki, kimo ndani ya programu tu. Msomaji anayewafahamu wafanyakazi hewa anaweza kukiita kifaa hewa. Tofauti ni kwamba mfanyakazi hewa hula mshahara bila kazi, ilhali kifaa hewa hufanya kazi bila mshahara.

Kifaa hewa ni kumbukumbu yenye jina. Kinaweza kuwa swichi yenye majibu mawili, ndiyo au hapana. Kinaweza kuwa namba au orodha ya kuchagua. Kwa banda la vifaranga, vifaa hewa vichache vinatosha:

- *Banda lina vifaranga*: ndiyo au hapana.
- *Umri wa vifaranga*: namba ya siku, inayoongezeka kwa moja kila usiku wa manane.
- *Joto linalotakiwa*: namba inayotokana na umri.
- *Joto la banda*: namba moja iliyopatikana baada ya kulinganisha vihisi vyote.
- *Umeme upo*: ndiyo au hapana.
- *Usafi unaendelea*: ndiyo au hapana.
- *Hatari*: ndiyo au hapana.

Sasa mitiririko inagawanyika katika tabaka tatu, na kila tabaka lina mipaka yake. Tabaka la kwanza husoma vihisi na kuandika kwenye vifaa hewa, basi. Haligusi taa wala feni. Tabaka la pili hutazama vifaa hewa na kufanya uamuzi. Tabaka la tatu ndilo pekee lenye ruhusa ya kuwasha na kuzima, na kila kifaa kina mtiririko wake mmoja tu. Taa za joto zina bwana mmoja. Feni ina bwana mmoja. Anayetaka taa iwake haigusi taa, anapeleka ombi kwa bwana wake.

Faida yake inaonekana siku ya ukarabati. Kihisi kikiharibika na kubadilishwa kwa cha aina nyingine, kinachorekebishwa ni mtiririko mmoja wa tabaka la kwanza. Kanuni zote za juu zinaendelea kusoma *Joto la banda* kama kawaida, bila kujua kwamba chini yake kifaa kimebadilishwa.

Umri ndio unaoamuru joto

Kifaranga wa siku moja hana uwezo wa kujipasha joto mwenyewe. Wiki ya kwanza huhitaji joto la nyuzi kati ya 32 na 35 za sentigredi pale anapolala. Baada ya hapo joto hupunguzwa kwa takriban nyuzi tatu kila wiki hadi kufikia 21 hivi, manyoya yakiwa yameota.

Mfugaji asiyetumia vifaa hewa hulazimika kufungua kila kanuni na kubadilisha namba kila wiki. Akisahau moja, feni itapambana na taa: huyu anapasha, yule anapoza, na umeme wa LUKU unakwisha. Anayetumia kifaa hewa huandika mara moja tu: wiki ya kwanza 33, ya pili 30, ya tatu 27, ya nne 24, kisha 21. Siku vifaranga wanapoingia anaweka umri kuwa moja, na kuanzia hapo mtambo unahesabu wenyewe. Taa, feni na kengele zote hutazama namba hiyohiyo.

Jambo la pili ni kuacha nafasi kati ya kuwasha na kuzima. Mtambo ulioambiwa uwashe chini ya 33 na uzime juu ya 33 utawasha na kuzima kila dakika, joto likicheza kati ya 32.9 na 33.1. Swichi inayoendeshwa na umeme, ambayo mafundi huiita relei, huchakaa kwa mchezo huo. Kilicho bora ni kuwasha likifika 32 na kuzima likifika 34. Pasi ya umeme hufanya hivyohivyo: taa yake ndogo huzimika pasi ikipata moto, kisha hukaa kimya kwa muda kabla ya kuwaka tena.

Tanki la maji nalo lina kanuni hiyohiyo. Pampu ianze maji yakishuka hadi asilimia 30 na isimame yakifika 90. Ikipangiwa kuanza na kusimama katika 90, itaruka kama panzi siku nzima, na mota ya pampu huumia zaidi wakati wa kuanza kuliko wakati wa kuzunguka.

Vihisi husema uongo

Namba 85 iliyozima taa katika mfano wa mwanzo haikutoka hewani. Kihisi cha DS18B20, kinachopendwa kwa sababu kipo cha kichwa cha chuma kisichoingia maji, huanza na namba 85 kila kinapopata umeme, kabla hakijapima chochote. Waya wake wa umeme ukilegea, kinaweza kuendelea kutoa 85 hiyohiyo. Kikikatika kabisa, programu nyingi zinazokisoma huandika hasi 127. Mtambo usioelekezwa utaamini zote mbili. Kwa 85 utazima joto vifaranga wakiganda, na kwa hasi 127 utawasha taa bila kikomo.

Kwa hiyo tabaka la kwanza lina kazi tatu za uchujaji. Kwanza, litupe namba isiyowezekana. Ndani ya banda la vifaranga, namba yoyote chini ya 5 au juu ya 50 haistahili kupita. Pili, liangalie umri wa taarifa. Kihisi kilichosema 33 na kikanyamaza kwa nusu saa hakisemi 33 tena. Hakisemi kitu. Vihisi vinavyotumia betri huwa na tabia hii: betri inakufa, namba ya mwisho inabaki kwenye kioo, na mwenye nayo anadhani mambo ni shwari.

Tatu, pale mfuko unaporuhusu, viwekwe vihisi vitatu na mtambo uchukue namba ya katikati, si wastani. Vihisi vikisema 32, 33 na 48, wastani wake ni karibu 38, na taa zitazimwa. Namba ya katikati ni 33, na mwongo mmoja anakuwa hana athari. Programu ya Home Assistant inacho kifaa hewa kinachofanya hesabu hiyo bila kuandika msimbo wowote.

Mahali pa kuweka kihisi nako ni muhimu kuliko bei yake. Kininginie usawa wa mgongo wa kifaranga, pembeni kidogo ya mduara wa taa. Kikitundikwa ukutani usawa wa kichwa cha mtu kitapima joto la mfugaji, si la mifugo. Chini ya taa moja kwa moja kitapima taa.

Na hakuna kihisi kinachoshinda jicho la mwenye mali. Vifaranga wakisongamana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia pembezoni huku wamepanua midomo, wana joto. Wakiwa wametawanyika, wanakula na kunywa, joto linatosha, hata kama kioo kinasema vingine. Mfugaji alinganishe namba na hali hiyo kila siku, na namba ikipingana na vifaranga, vifaranga ndio wenye ukweli.

Tukio si sawa na hali

Kosa lingine linalowapata wengi ni kuandika kanuni za tukio badala ya kanuni za hali. Chukua kuku wa mayai. Wafugaji wengi huwapa mwanga hadi saa 16 kwa siku ili watage vizuri, na kwa kuwa nchi zilizo karibu na ikweta hupata mchana wa karibu saa 12, zilizobaki hujazwa kwa taa. Mtu anaandika: ikifika saa 12 jioni, washa. Ikifika saa 3 usiku, zima.

Umeme ukikatika saa 11 na nusu jioni na kurudi saa 12 na robo, kanuni ya kwanza haitafanya kazi siku hiyo. Tukio la saa 12 limepita mtambo ukiwa umezimika. Kuku watakaa gizani, na mwenye nao atashangaa mayai yakipungua baada ya siku kadhaa za mkatiko.

Kanuni ya hali huuliza swali tofauti: je, sasa ni kati ya saa 11 alfajiri na saa 3 usiku, na nje kuna giza? Kama ndiyo, taa iwe imewaka. Kama hapana, iwe imezima. Swali hilo huulizwa kila baada ya dakika tano, na mara moja kila mtambo unapoamka. Umeme ukirudi saa yoyote, mtambo utajipata wenyewe.

Vilevile kanuni zinazohesabu muda, kwa mfano subiri dakika 20 kisha zima pampu, huweza kupoteza hesabu umeme unapokatika. Pampu isitegemee hesabu hiyo peke yake. Iwe na swichi ya kuelea ndani ya tanki inayokata yenyewe maji yakijaa, na nyingine kisimani inayoizuia isizunguke bila maji.

Umeme, LUKU na bando

Kwa mfugaji mdogo adui mkubwa ni umeme, iwe umekatika kwenye gridi au umekwisha kwenye mita. Mtambo usiojua tofauti ya taa iliyozimwa na taa isiyo na umeme utaendelea kuamini kwamba umewasha. Ndiyo maana kifaa hewa cha *Umeme upo* kina nafasi yake. Kinaweza kulishwa na chaja ya kawaida ya simu iliyochomekwa kwenye mstari wa taa za joto: ikikosa umeme, jibu linakuwa hapana.

Kompyuta ndogo na modemu viwe kwenye betri. Hutumia wati chache, kwa hiyo betri ndogo huvibakiza hai kwa saa kadhaa, muda wa kutosha kutuma ujumbe. Mfugaji akipigiwa kengele dakika tano baada ya umeme kukatika, anayo nafasi ya kuwasha jiko la mkaa au kununua uniti. Akiamshwa na jua, nafasi hiyo hana.

Bando la intaneti nalo huisha. Mitambo mingi inayouzwa madukani hupeleka kila namba kwenye kompyuta za kampuni zilizo ng'ambo, na uamuzi wa kuwasha taa iliyo mita tatu kutoka kwenye kihisi hufanyika huko. Bando likiisha, taa haipati amri. Kampuni ikifunga, hali ni hiyohiyo. Mei 2016 kifaa cha Revolv kilichokuwa kikiongoza nyumba kiliacha kufanya kazi baada ya kampuni ya Nest, iliyokinunua mwaka 2014, kuzima huduma yake. Aprili 2022 huduma ya Insteon ya Marekani nayo ilizimika ghafla, na wateja waliachwa na vifaa vilivyokosa wa kuviongoza kwa mbali.

Anayenunua aulize swali moja dukani: kifaa hiki kinafanya kazi bila intaneti? Uamuzi wa joto, maji na kengele ya papo hapo ubaki bandani. Intaneti iwe ya kutazama kwa mbali na kutuma taarifa tu.

Mawasiliano ya ndani kati ya vihisi na kompyuta mara nyingi hutumia utaratibu uitwao MQTT, uliotungwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti. Ulibuniwa kwa njia za mawasiliano ghali na dhaifu, ndiyo maana unafaa kijijini. Kati ya mambo yake mazuri ni kwamba kifaa kinapojiunga huacha wosia: nikipotea ghafla, watangazieni wenzangu ujumbe huu. Kihisi kikifa, wosia wake husomwa, na kifaa hewa cha *Hatari* hubadilika kuwa ndiyo. Wengi hununua mtambo wenye uwezo huu na wasiutumie.

Kengele inayolia ovyo haisikilizwi

Kanuni ya tahadhari iliyoandikwa vibaya hutuma ujumbe 60 usiku mmoja. Usiku wa pili mfugaji anazima simu. Usiku wa tatu ndipo hatari ya kweli inapokuja.

Ujumbe upitie mlango mmoja, ambao ni kifaa hewa cha *Hatari*. Kikibadilika kuwa ndiyo, ujumbe mmoja unatumwa. Hali ikiendelea, mwingine utumwe baada ya nusu saa. Ikitulia, utumwe wa kusema imetulia. Maneno yake yawe na maana: banda la pili, nyuzi 27, umeme upo, taa hazijawaka. Ujumbe unaosema hatari tu haumsaidii mtu anayetafuta viatu gizani.

Swichi ya *Usafi unaendelea* ndiyo mbadala wa kuzima kengele. Mfugaji anaiwasha akiingia kufagia, tahadhari zinanyamaza, na baada ya dakika 30 inajizima yenyewe hata akisahau. Hakuna ruhusa ya kunyamazisha kengele isiyo na mwisho. Swichi hii peke yake ingewaokoa vifaranga wa mfano wa mwanzo.

La mwisho katika tahadhari ni salamu ya asubuhi. Kila siku saa moja mtambo utume ujumbe mfupi: nipo, joto la usiku lilishuka hadi 31, vihisi vitatu vinafanya kazi. Siku salamu isipofika, mfugaji anajua mtambo wenyewe umekufa. Mtambo uliokufa hauwezi kutoa taarifa ya kifo chake, na kimya chake hufanana na amani.

Ikishindwa, ifanye nini?

Kila mtiririko ujibu swali hili kabla haujaanza kazi. Jibu si moja kwa vyote. Pampu ikikosa taarifa, izime, kwa kuwa mafuriko au mota iliyoungua ni hasara kubwa kuliko saa chache bila maji. Taa za joto ni kinyume chake: zikikosa taarifa ziwake, kwa sababu kifaranga mwenye nafasi anaweza kusogea mbali na joto, lakini hawezi kujitengenezea joto.

Fundi anaweza kulijibu swali hilo kwa waya. Relei ina sehemu mbili za kuunganisha: inayopitisha umeme relei ikiwa imelala na inayopitisha ikiwa imeamshwa. Taa za joto zikiungwa kwenye ile ya kulala, kompyuta ikifa taa zinabaki zinawaka. Juu yake kiwekwe kidhibiti joto cha kawaida, kisichotegemea programu yoyote, kitakachokata joto likipita kiasi. Maranda makavu na taa ya wati 250 iliyoanguka ni moto. Taa ifungwe kwa mnyororo, isining'inizwe kwa waya wake wa umeme.

Kazi ya waya za umeme mkubwa ni ya fundi. Taa nne za wati 250 ni wati 1,000, zaidi ya ampea nne kwenye umeme wa volti 230. Relei ndogo ya ampea 10 huweza kubeba mzigo huo, lakini pampu ya maji huvuta umeme mwingi zaidi inapoanza, na hiyo inahitaji kontakta.

Kwa wanaolea vifaranga kwa jiko la mkaa, mtambo hauwezi kuongeza mkaa. Hata hivyo kihisi na ujumbe wa simu vinatosha kumwamsha mtu moto unapofifia, mradi hewa iingie bandani, kwani moshi wa mkaa usioonekana huua watu na kuku.

Kwa wenye maduka

Mfanyabiashara wa duka la dawa za mifugo anahusika vilevile. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na baadhi huharibika zikiganda. Friji iliyozimika usiku na kuwaka alfajiri haionyeshi dalili, lakini mteja atakayenunua chanjo ya kideri iliyokufa atarudi akilalamika, au hatarudi kabisa. Kihisi ndani ya friji na kifaa hewa kinachoandika joto la juu na la chini la kila siku humpa muuzaji ushahidi wa kutupa au kuuza.

Tatizo la friji ya duka ni mlango. Kila mteja akihudumiwa, hewa ya joto huingia na kihisi hupiga kelele. Zipo tiba mbili rahisi. Kichwa cha kihisi kitumbukizwe kwenye chupa ndogo ya maji, ili kipime joto la bidhaa badala ya hewa inayopita. Kisha kanuni isubiri dakika 20 kabla ya kutoa tahadhari. Muuza maziwa na muuza nyama wanaweza kutumia mpango huohuo kwa namba zao.

Daftari kwanza

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mtambo pia. Kabla ya kununua chochote, mfugaji achore banda kwenye karatasi, aandike kila kihisi na kila kifaa kwa jina linaloeleweka: mahali, kitu, namba. *Banda 1 joto kusini* ni jina. *Kihisi kipya 3* si jina, maana baada ya miezi sita hakuna atakayekumbuka kilikuwa kipya lini. Pembeni ya kila mtiririko iandikwe sababu yake na tarehe ulipobadilishwa. Mtoto au mfanyakazi atakayebaki nyumbani aweze kulisoma daftari hilo na kujua swichi ya kurudisha kila kitu mikononi mwa binadamu iko wapi.

Mtambo mpya ujaribiwe mchana, banda likiwa tupu. Chomoa kihisi uone taa zinafanya nini. Zima swichi kuu, subiri, washa. Ondoa laini ya simu. Fungua mlango wa friji nusu saa. Kosa litakaloonekana mchana banda likiwa tupu halina gharama.

Anayeanza asianze na banda zima. Aweke kihisi kimoja kinachotuma joto kwenye simu, akitazame wiki mbili, akilinganishe na vifaranga wake. Kikithibitika, aongeze taa. Taa zikitii, aongeze feni. Haba na haba hujaza kibaba, na kila kinachoongezwa kipewe jina, bwana mmoja na jibu la swali lilelile: kikishindwa, kifanye nini?